Matairi ya Foklifti Katika Kiwanda cha Sabuni: Yanachohimili na Kinachoyaua

Nimesimamia karakana ya foklifti katika kiwanda cha sabuni mjini Jinja, Uganda, kwa miaka sita, na katika muda wote huo hakuna kifaa kilichokula fedha zetu kimyakimya kama matairi. Injini ikiharibika kila mtu hujua siku hiyo hiyo, na mnyororo wa kunyanyulia mizigo ukikatika kazi husimama. Lakini tairi hufa polepole, kwa kulainika, kumeguka na kubanduka, na mara nyingi dereva huuzoea mtikisiko wake hadi siku anapokuja kuniambia kwamba gari linavuta upande mmoja. Tathmini hii inahusu aina tatu ambazo tumezinunua na kuzitumia mpaka zikaisha: tairi jeusi la mpira mgumu lisilojazwa upepo, tairi jeupe la umbo hilo hilo lisiloacha alama sakafuni, na magurudumu ya troli za paleti yaliyotengenezwa kwa poliuretani, yaani plastiki ngumu inayonyumbuka kama mpira. Chapa na maduka sitayataja, kwa kuwa ninachokipima ni mpira wenyewe unavyokutana na kemikali, na katika jambo hilo chapa nyingi hufanana kuliko wauzaji wanavyopenda kukiri.

Kwanza nieleze sakafu yetu, maana tairi haliwezi kuhukumiwa bila sakafu yake. Sabuni hupatikana kwa kupika mafuta pamoja na kostiki, yaani hidroksidi ya sodiamu, kisha chumvi huongezwa ili sabuni ijitenge na glisarini. Kwa hiyo upande wa majiko sakafu huwa imelowa kostiki iliyopunguzwa nguvu, maji ya chumvi na maji ya moto ya kuoshea. Upande wa ghala la malighafi kuna mafuta ya mawese, mengine ya Kalangala na mengine yaliyopitia Mombasa, pamoja na asidi ya mafuta ambayo huja katika mapipa, huganda ikipoa na huyeyuka tena mchana jua linapopiga mabati. Nje, karibu na tangi, kuna dizeli ya foklifti zenyewe. Juu ya hayo yote kuna oili ya hidroliki, ambayo haipaswi kuwa sakafuni hata kidogo, lakini yeyote aliyewahi kutunza foklifti za zamani anajua kwamba huwa ipo. Viwanda vingi vya mafuta na sabuni, hapa Jinja, ng'ambo ya daraja huko Njeru na kule Namanve, vina sakafu za namna hiyo, na ndiyo sababu nimeona niandike.

Matairi meusi tuliyanunua manne kwa kila foklifti ya dizeli ya tani mbili na nusu, mbele saizi ya 7.00-12 na nyuma 6.00-9. Kila tairi la mbele lilitugharimu zaidi ya shilingi milioni moja, bila kuhesabu usafiri na kazi ya kufungwa. Muuzaji, kijana mchangamfu na mwenye adabu, aliliweka la kwanza juu ya meza, akalipiga kofi na kuniambia, "Mzee, hili halisikii kemikali yoyote. Hata ukiliogesha kwa asidi, litakaa." Katika karatasi ya matangazo kulikuwa na maneno matatu tu kuhusu suala hilo: linahimili kemikali vizuri. Sikuuliza kemikali ipi. Nilikuwa nimechoshwa na pancha za matairi ya upepo, kwani sakafu ya ghala letu ina misumari ya paleti kila mahali, na nilichotaka ni tairi lisilotoboka.

Kwa kutotoboka, tairi hilo limetimiza ahadi bila kasoro. Umbile lake ni la matabaka matatu: tabaka la ndani ni mpira mgumu sana wenye pete za chuma unaokamata rimu, la kati ni mpira laini zaidi unaopunguza mshtuko, na la nje ndilo linalosagana na sakafu. Ubavuni kuna mstari unaoonyesha kiwango cha kuchakaa ambapo tairi linapaswa kuondolewa, na ningeshauri kila dereva aonyeshwe mstari huo kwa kidole, kwa sababu wengi hudhani ni pambo. Ukipita mstari huo, mpira uliobaki hautoshi tena kupunguza mshtuko, na mgongo wa dereva hulipa.

Upande wa majiko tairi jeusi ni zuri kupita nilivyotarajia. Foklifti namba moja, ambayo hufanya kazi huko karibu siku nzima, hukanyaga kostiki na maji ya chumvi tangu asubuhi, na baada ya miezi kumi na minne matairi yake yalikuwa yamepungua kwa kusagika tu. Hayakuwa na uvimbe wala nyufa, na mpira ulikuwa na ugumu uleule ukiubonyeza. Kilichooza ni rimu, kwa sababu kutu ilikuwa imeanza kula chuma pale kinapokutana na mpira, na baada ya hapo tulianza kuzipaka rangi nzito kabla ya kufunga tairi jipya. Jambo hili lina sababu yake. Mpira asilia, na ule wa viwandani unaochanganywa nao, umeundwa kwa minyororo mirefu ya kaboni na hidrojeni isiyopatana na maji, kwa hiyo kostiki, chumvi na hata asidi nyepesi, ambazo zote husafiri ndani ya maji, hubaki juu juu. Aliyesema tairi hilo linahimili kemikali hakusema uongo kuhusu kemikali hizo.

Foklifti namba mbili ndiyo iliyonifundisha upande wa pili. Hiyo hufanya kazi kati ya ghala la malighafi na tangi la dizeli. Katika mwezi wa tisa tangu matairi yafungwe, dereva wake alikuja karakana akaniambia, "Mzee, tairi la kushoto linaacha makombo." Nilikwenda, nikachuchumaa, nikatazama. Kwenye kingo za tairi la mbele, upande wa kushoto, mpira ulikuwa umepoteza makali yake na kuwa wa mviringo, kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa majini. Nilibonyeza kwa ukucha, na alama ilibaki. Nilivuta kwa vidole viwili, na kipande cha ukubwa wa kiberiti kikatoka bila kushindana nami, kikiwa kizito, chenye kuteleza na chenye harufu ya oili. Tairi la kulia lilikuwa na hali hiyo hiyo kwa kiwango kidogo, na hata yale ya nyuma, ambayo hayapiti penye mafuta mengi, yalikuwa yameanza kulainika juu.

Tairi la kushoto halikuwa na siri. Juu yake kulikuwa na bomba la hidroliki lililokuwa likivuja tone moja moja, na gari lilipoegeshwa usiku tone hilo lilianguka mahali pale pale kwenye mpira hadi alfajiri. Lakini yale mengine matatu yalinisumbua akili kwa siku kadhaa, mpaka Jumamosi moja nilipopita sehemu ya kuoshea magari na kumkuta kijana wa usafi akiyafuta matairi yote manne kwa kitambaa kilicholoweshwa dizeli. Nilipomuuliza, alinijibu kwa fahari kabisa kwamba ndivyo yanavyong'aa, na kwamba amekuwa akifanya hivyo kila Jumamosi. Sikumkemea, kwa sababu hata katika sehemu za kuoshea magari mjini vijana huyang'arisha matairi hivyo hivyo, na mteja hulipa akifurahi. Weusi ule unaong'aa ni dizeli iliyokwisha kuingia ndani ya mpira.

Mafundi wa magari wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Kila fundi amefundishwa kwamba mtu akitia oili ya injini kwenye kikopo cha mafuta ya breki, mipira ya breki huvimba na breki hukamata. Mafuta ya breki ya kawaida si mafuta ya petroli, na mpira wa breki umechaguliwa uishi nayo; oili ya injini ni ndugu wa damu wa mpira ule, nao humpokea ndani. Tairi nalo liko hivyo. Dizeli, petroli na oili ya hidroliki ni kaboni na hidrojeni kama mpira asilia wenyewe, kwa hiyo chembe zake hupenya katikati ya minyororo ya mpira na kuisukuma iachane. Kinachouzuia mpira usiyeyuke kabisa ni salfa: tangu Charles Goodyear alipogundua mwaka 1839 kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa minyororo yake hufungamana, mpira uliopikwa hivyo ukiwekwa katika mafuta huvimba bila kuyeyuka. Lakini mpira uliovimba hauna tena nguvu ya kukinza kuchanika, na foklifti iliyobeba tani mbili ikikata kona juu ya mpira wa namna hiyo, matokeo yake ni yale makombo aliyoyaona dereva.

Baada ya hapo nilitaka kuona kwa macho yangu. Vipo vipimo rasmi vya kazi hii. ISO 1817 ni kimojawapo, na ASTM D471 ni kingine, na vyote viwili msingi wake ni kukichovya kipande cha mpira katika kimiminika kwa muda na joto maalumu, kisha kupima kilivyobadilika. Sisi tuna maabara ndogo ya kupimia sabuni, yenye mizani nzuri, na dada anayeisimamia alikubali kunisaidia. Nilikata vipande vyembamba kutoka kwenye tairi jeusi lililokwisha, kila kimoja gramu 10, nikavitia katika chupa za vioo zenye vifuniko: dizeli, oili ya hidroliki, mafuta ya mawese, asidi ya mafuta, kostiki na maji ya chumvi. Asidi ya mafuta tuliiweka katika joto la nyuzi 60 kwa sababu vinginevyo ingeganda. Tuliviacha kwa siku tatu, tukavitoa, tukavikausha kwa karatasi na kuvipima.

Kipande cha kwenye dizeli kilikuwa kimepita gramu 16. Kilikuwa kikubwa kiasi kwamba hakikutoka kwenye mdomo wa chupa kwa urahisi kama kilivyoingia, na tulipokikunja kilikatika. Cha kwenye asidi ya mafuta hakikuwa mbali nacho. Cha hidroliki kilikuwa kimeongezeka kwa kiasi kidogo zaidi, kwa kuwa oili nzito hupenya taratibu, ingawa haiachi kupenya. Cha mawese kiliongezeka kidogo tu, na hilo lilinifariji, kwa maana mawese ndiyo mengi zaidi sakafuni kwetu. Vya kostiki na maji ya chumvi vilirudi vilevile, isipokuwa tofauti ndogo ambayo mizani haikunipa sababu ya kuijali. Sidai kwamba hicho ni kipimo cha maabara ya kimataifa, kwani tairi zima ni nene na huchukua muda mrefu zaidi kupenywa kuliko kipande chembamba. Lakini mpangilio wa adui zetu, nani mkali na nani mpole, ulikuwa wazi mezani. Anayetaka kurudia jaribio hili avae glavu na miwani anapogusa kostiki, maana jicho halina kipuri.

Tairi jeupe tulilijaribu baadaye, katika ghala la bidhaa zilizokwisha kufungwa, kwa kuwa wateja walilalamikia mistari myeusi kwenye maboksi na sakafu. Kwa kazi hiyo linastahili sifa: sakafu ni safi, na maboksi pia. Shida ni kwamba lilikuja na maneno ya ziada. Niliambiwa kwamba kwa kuwa ni jeupe ni tairi la viwanda vya kemikali na chakula, na kwamba mafuta hayalidhuru. Weupe wake hautokani na mpira wa aina nyingine. Tairi jeusi ni jeusi kwa sababu mpira wake umechanganywa na masizi ya kaboni yanayoupa nguvu, na katika jeupe masizi hayo yameondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na silika, unga mweupe wa madini. Mpira wenyewe, ule unaopokea dizeli, ni uleule. Nilikata kipande chake pia, nikakitia katika dizeli, nacho kikavimba kama ndugu yake mweusi.

Kuna jambo jingine kuhusu tairi jeupe ambalo muuzaji hakulisema, na ambalo nalichukulia kwa uzito kuliko suala la kuvimba. Masizi ya kaboni hupitisha umeme, na kwa tairi jeusi umeme tuli unaojikusanya kwenye gari hupata njia ya kushuka ardhini. Silika haiupitishi. Foklifti yenye matairi meupe manne inaweza kujaa umeme tuli, na dereva akishuka na kushika chuma hupigwa cheche. Katika ghala la sabuni zilizofungwa hilo ni kero. Katika chumba cha manukato, ambako kuna spiriti na vimiminika vinavyoshika moto upesi, cheche hiyo ni hatari ya kweli. Magari yenye matairi hayo yanapaswa kuwa na ukanda unaopitisha umeme, unaoning'inia kutoka kwenye fremu na kugusa sakafu, na ukanda huo ukaguliwe, kwa sababu huchakaa na kukatika bila mtu kutambua. Sisi tumekataza matairi meupe yasikaribie chumba cha manukato kabisa.

Sasa nifike kwenye poliuretani, ambako nilijifunza zaidi na kupoteza zaidi. Magurudumu ya troli zetu za paleti, zile za kusukuma kwa mkono na zile za betri, yana kiini cha chuma kilichovikwa poliuretani ngumu, ya rangi ya asali. Aliyetuuzia aliyasifu kwa mafuta, na kwa mafuta alisema kweli tupu. Katika ghala la malighafi, mahali pale pale palipoliua tairi jeusi, yamedumu zaidi ya miaka miwili. Kipande cha poliuretani nilichokitia katika dizeli kwa siku tatu kilitoka kikiwa na uzito uliokaribia uleule. Kwa hiyo niliagiza mengine mengi, na kwa moyo mweupe nikayafunga kwenye troli zote, zikiwemo zile za upande wa majiko.

Ndani ya miezi minne, magurudumu ya troli za majikoni yalianza kunata. Kwanza ilikuwa ni uso tu, kama asali iliyokauka nusu. Baadaye nyufa zilitokea, halafu vipande vizima vikabanduka hadi chuma kikaonekana. Troli moja ilikaa usiku kucha kwenye dimbwi la maji ya moto yenye kostiki yaliyotoka jikoni, na asubuhi gurudumu lake lilikuwa limelainika upande uliokuwa chini. Niliamini kwamba tumeuziwa bandia, nikarudi dukani kwa hasira, na nilisema maneno ambayo baadaye ilinibidi kuyaombea radhi.

Aliyenifumbua macho ni yule dada wa maabara. Alinikumbusha tunachokifanya kila siku katika masufuria yetu. Mafuta ni esta, yaani kemikali iliyoundwa kwa asidi na alkoholi zilizoungana, na kostiki ya moto huvunja viungo vya esta. Ndivyo sabuni inavyozaliwa. Poliuretani nyingi za magurudumu, hasa zile zinazosifiwa kwa kuhimili mafuta na kusagika, hutengenezwa kutokana na poliesta, nayo poliesta, kama jina lake linavyosema, imejaa viungo vya esta kutoka mwanzo hadi mwisho. Kostiki ya moto haichagui kati ya esta ya mawese na esta ya gurudumu. Tulikuwa tumeyapeleka magurudumu yetu jikoni, na jiko likayafanyia kazi yake. Hata maji ya moto na mvuke peke yake huivunja poliuretani ya aina hiyo, ingawa polepole zaidi, na asidi kali huifanya vilevile.

Ipo poliuretani ya aina ya pili, iliyojengwa kwa polietha, ambayo haina viungo vya esta katika mnyororo wake mkuu na kwa hiyo huvumilia maji na joto la unyevu vizuri zaidi. Kwa mafuta na kwa kusagika ni dhaifu kidogo kuliko ile ya poliesta. Kwa macho huwezi kuzitenganisha. Zote mbili zinaweza kuwa na rangi ya asali, na zote mbili muuzaji huziita kwa jina moja. Tuliagiza seti ya polietha kwa ajili ya majiko, tukasisitiza iandikwe kwenye risiti, na mpaka sasa imemaliza mwaka mmoja. Imeanza kupauka na kingo zake zina mikwaruzo, lakini hainati. Kostiki kali ya moto itaigusa hata hiyo ikiachwa humo, na ndiyo maana sasa troli haziruhusiwi kulala sehemu ya kuoshea.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini basi foklifti kubwa zisifungwe matairi ya mpira unaohimili mafuta. Mpira wa namna hiyo upo, unaitwa nitrili, na ndio unaotumika katika sili za injini, mabomba ya mafuta na glavu za mafundi. Lakini tairi lina kazi nyingine zaidi ya kukaa na mafuta. Linapaswa kukataa kuchanika linapopita juu ya ukingo wa saruji, na linapaswa lisijipike kwa joto linalozaliwa ndani yake kila linapobonyezwa na kuachiwa. Kwa mambo hayo mawili mpira asilia unaushinda nitrili, na ndiyo sababu watengenezaji wameendelea nao. Poliuretani nayo hukusanya joto ndani kwa sababu hailitoi kwa urahisi, na kwa mwendo mrefu wa kasi kati ya ghala na lango inaweza kuharibika kuanzia moyoni. Kwa foklifti ya dizeli inayozunguka uwanja mzima, bado nachagua mpira mweusi, nikijua udhaifu wake.

Niseme pia neno kuhusu chumba cha kuchajia betri, kwani huko nilitarajia maafa na sikuyaona. Maji ya betri ni asidi ya salfa iliyochanganywa na maji, na matone yake huanguka sakafuni kila wiki. Tairi jeusi halikudhurika kwa macho. Magurudumu ya poliuretani yalidhurika pale tu ambapo tone halikuoshwa, na chuma cha kiini kilidhurika zaidi kuliko chochote. Maji mengi na magadi hutosha, mradi yatumike siku hiyo hiyo.

Huduma ya kufunga matairi haya inahitaji presi kubwa, kwa maana tairi gumu haliingii kwenye rimu kwa nyundo na vyuma vya kubembelezea. Karakana tuliyoitumia Kampala ina presi nzuri na mafundi wenye mikono mizuri. Lawama yangu kwao ni moja. Mara ya kwanza walilainisha rimu kwa grisi ili tairi lishuke kwa urahisi. Grisi ya kawaida ni mafuta ya petroli, nayo ilibaki imefungiwa kati ya chuma na mpira, mahali ambapo hakuna wa kuifuta. Tairi mojawapo lilianza kuzunguka juu ya rimu yake baada ya miezi michache, na tulipolitoa tulikuta tabaka la ndani limelainika kuzunguka pete za chuma. Maji ya sabuni mazito hufanya kazi ileile na hukauka. Mara ya pili niliwapelekea ndoo ya sabuni yetu wenyewe. Wakaipokea vizuri, na tangu hapo wanaitumia kwa wateja wengine pia.

Kwa hali ilivyo sasa, bomba lile la hidroliki limebadilishwa, sehemu ya kujazia dizeli imewekewa trei ya kukinga matone pamoja na gunia la pumba za mbao, na kijana wa usafi anaosha matairi kwa maji ya vuguvugu na sabuni kila Jumamosi. Hayang'ai kama zamani, naye ameniambia wazi kwamba hapendi yanavyoonekana. Foklifti namba mbili imepita mwezi wa kumi na tatu na seti yake ya pili, na nikibonyeza kingo za tairi la kushoto ukucha wangu hauachi alama.

Mwezi uliopita nilikuwa nahitaji matairi mawili ya mbele. Safari hii niliwaandikia wauzaji watatu barua moja, nikataja kila kilichopo sakafuni kwetu, nguvu yake, joto lake, na muda ambao tairi hukaa juu yake, nikaomba jibu kwa kila kimoja. Wa kwanza alinipigia simu siku hiyo hiyo na kunihakikishia kwamba nisiwe na wasiwasi wowote. Wa pili hakujibu. Wa tatu alichukua siku tisa, kisha akaniletea karatasi kutoka kwa mtengenezaji, yenye safu ya majina ya kemikali upande mmoja na hukumu upande wa pili. Penye kostiki paliandikwa kwamba linafaa. Penye maji ya chumvi, vivyo hivyo. Penye mafuta ya mimea paliandikwa kwamba linafaa kwa muda mfupi. Penye dizeli paliandikwa kwamba halifai. Alinitazama nikisoma mstari huo, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukubali kukosa biashara, "Samahani, mzee, hilo la dizeli ndivyo lilivyo." Nilimlipa yeye.